Miguu ya Mzee na Akili Yake

Ndugu wanachama, somo letu la safari hii halihusu bei ya karafuu wala namna ya kutunza miche. Lahusu wazee wetu, na hasa jambo moja ambalo wengi wetu twalifanya kwa wema, na huku lina madhara ndani yake. Jambo hilo ni kumkalisha mzee.

Mtu akivuka miaka 60, na watoto wake wakiwa wamepata uwezo, humwambia, "Sasa pumzika, baba; jembe tuachie sisi." Huwekewa kiti barazani. Huletewa chai, huletewa chakula, hata maji ya kunawa huletewa. Asubuhi yuko pale, na magharibi yuko pale pale. Mwaka wa kwanza hufurahi, na majirani huwasifu watoto. Baadaye, kwa baadhi ya wazee, mambo huanza kugeuka: swali moja huulizwa mara tatu, jina la mjukuu hupotea, na siku moja mzee hutoka kwenda msikitini asiikumbuke njia ya kurudi. Nasi husema, "Ndiyo uzee huo," tukanyamaza.

Hatusemi kwamba kila anayekaa hupatwa na hayo, wala kwamba kila anayetembea huokoka. Lakini yako mambo yaliyochunguzwa na waganga, mengine hapa hapa Tanzania, ambayo yafaa mkulima ayajue kabla hajamnyang'anya mzazi wake jembe.

Kwanza tuwachukue wasomaji mbali kidogo na bahari, mpaka Nyakatuntu. Nyakatuntu ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, katika Mkoa wa Kagera, kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania, upande wa mipaka ya Uganda na Rwanda. Ukipima katika ramani kwa mstari ulionyooka, toka Unguja hadi huko ni zaidi ya kilometa 1,000. Hata hivyo nchi hiyo si ngeni kwa visiwa hivi. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Karagwe kwa miguu, na wafanya biashara waliotoka huku waliweka kituo chao mahali paitwapo Kafuro. Speke, yule Mwingereza aliyeitafuta chemchemi ya Nili, aliipita njia hiyo mwaka 1861, na mizigo yake ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu wa pwani na wa bara. Wengi wetu leo hatuwezi kutembea toka Wete hadi Konde bila ya kulalamika.

Tumeichagua Nyakatuntu kwa sababu mkulima wa huko ni ndugu wa mkulima wa karafuu. Yeye naye analima zao la mti linaloliwa na watu wa mbali: kahawa. Nyumba yake imezungukwa na migomba, mibuni imepandwa chini ya migomba, na maharage yamo kati. Buni huchumwa kwa mkono na kuanikwa juani, kama tuanikavyo karafuu majamvini. Nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde, jambo ambalo mtu wa Pemba hana haja ya kuelezwa.

Katika mashamba ya namna hiyo mzee hastaafu. Hakuna siku aambiwayo kwamba kazi imekwisha. Nguvu zikipungua, kazi hubadilika, lakini haikomi. Aliyekuwa akilima hukata majani makavu ya mgomba na kuyatandaza chini ili ardhi ishike unyevu. Aliyekuwa akibeba magunia huchuma buni za matawi ya chini, huzigeuza kwenye mkeka, huondoa mbovu. Hupanda kilima kwenda kumzuru mgonjwa, hushuka kwenda sokoni. Hajui kwamba anafanya mazoezi, na ukimwambia hivyo atacheka.

Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983, na maradhi hayo yaliwaachia bibi wengi wajukuu wa kulea bila ya wazazi. Bibi wa miaka 70 akachota maji na kulima, kwani hakuwapo mwingine. Ndiyo maana mwaka 2003 kule Nshamba, Wilaya ya Muleba katika mkoa huo huo, palianzishwa shirika la Kwa Wazee, likawa likiwapa wakongwe hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Mtu anayefanya kazi nzito kwa njaa hawi sawa na mtu anayetembea na kulima kadiri ya nguvu zake, na jambo hili tutalirudia.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Waganga huyaita dimenshia. Ni jina la maradhi mengi yanayouharibu ubongo polepole, na kubwa lao ni lile liitwalo Alzheimer. Mgonjwa hupoteza kumbukumbu, kisha hesabu, kisha njia, kisha hata kuvaa nguo zake. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo duniani, na zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Kwa hiyo wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wamekosea.

Hesabu iliyofanywa karibu nasi ni ya Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya migomba na kahawa kama Nyakatuntu. Waganga wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwapima wazee karibu 1,200 wa vijiji sita, wote wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walipata kwamba wazee 6 na kitu katika kila 100 wana dimenshia.

Namna ya kuwapima yafaa isimuliwe. Wazee wengi wa vijijini hawakusoma skuli, na ukimpa mtu kalamu ambaye hakuishika maishani, utamwita mgonjwa ilhali hana ugonjwa. Basi wataalamu wa Hai walitengeneza mtihani usiohitaji kuandika. Mzee huulizwa leo ni siku gani. Husomewa maneno 10, na baada ya muda huulizwa anayakumbuka mangapi. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Huwekewa njiti za kibiriti zilizopangwa kwa umbo fulani, naye apange zake vivyo hivyo. Huo ni mtihani wa haki, na ungefaa kila kituo cha afya cha shamba.

Je, miguu inahusianaje na kichwa? Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za oksijeni inayoletwa na damu. Ni mlaji mkubwa katika nyumba ndogo. Mishipa ikiwa migumu, presha ikiwa juu, sukari ikiwa nyingi, ubongo ndio uanzao kukosa chakula, na mara nyingine mishipa midogo ya ndani huziba kidogo kidogo bila ya mtu kujua. Kutembea, kulima na kupanda kilima huushughulisha moyo, huilegeza mishipa, hushusha presha na sukari. Afaaye moyo huufaa ubongo.

Habari ya moyo ilianza kujulikana kwa njia rahisi sana. Mwaka 1953 mganga mmoja wa London, Jerry Morris, alitangaza matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Watu hao walifanya kazi katika gari moja na katika jiji moja. Lakini dereva alikaa kitako siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku akikata tikiti. Maradhi ya moyo yaliwapata zaidi madereva, na yalipowapata makondakta hayakuwa makali kiasi hicho. Tangu hapo wataalamu walianza kuutazama mwendo wa mwili kwa jicho jingine.

Baadaye walifika kwenye ubongo wenyewe. Mwaka 2011 Wamarekani walitoa habari za watu 120 wa miaka 55 hadi 80, waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. La pili lilifanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha tu. Walipopigwa picha, ile sehemu ndogo ya ubongo ihusikayo na kumbukumbu ilikuwa imekua kwa sehemu 2 katika 100 kwa waliotembea, na kwa wenzao ilikuwa imepungua. Watu 120 si wengi, na hatupendi kujenga nyumba kwa tofali moja. Lakini mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, baada ya kupitia uchunguzi wa nchi nyingi, lilitaja mambo 14 yanayozidisha hatari ya dimenshia, na likasema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepushwa au wangecheleweshwa. Kutojishughulisha kwa mwili ni moja la hayo 14. Katika mengine yamo presha, sukari, tumbaku, upweke, uziwi usiotibiwa, na kuumia kichwa.

Mchukulie mzee aliyekalishwa barazani na umhesabie. Hatembei, hilo ni moja. Presha yapanda, hilo la pili. Vijana wako shamba na wenzake wamekufa, basi yu peke yake, hilo la tatu. Na kama masikio hayasikii vyema, hata wapitao hawazungumzi naye. Kiti kile kimoja kimemletea mambo manne.

Tukitaka kuona kinyume chake hatuna haja ya kwenda Marekani. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wataalamu waliwavisha vyombo vya kupima mapigo ya moyo, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba watu hao hupata zaidi ya saa mbili kila siku za mwendo unaoushughulisha moyo, na wazee wao nao hawabaki nyuma sana. Bibi wa Kihadzabe huchimba mizizi ya kuwalisha wajukuu. Presha ni chache kwao. Sasa linganisha na Hai, ambako wazee karibu 70 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na presha, wengi wao bila ya habari. Hili la Hai latupasa kulikumbuka, kwani linaonyesha kwamba jembe peke yake halitoshi. Mtu aweza kulima kila siku na akawa na presha, na dawa yake iko hospitali.

Na hapa twataka kuwa wakweli kuhusu mipaka ya jambo hili, kwa sababu wako wauzao matumaini. Mazoezi si dawa ya kumrudishia akili aliyekwisha shikwa. Mwaka 2018 Uingereza ilitoa habari za wagonjwa 494 wa dimenshia; baadhi yao walifanyishwa mazoezi magumu kwa miezi minne. Miili yao ilipata nguvu, lakini maradhi hayakupungua mwendo. Kwa hiyo mwenye mzee aliyekwisha kupotelewa asimkimbize uwanjani akidhani atapona. Matembezi ya taratibu na mtu wa kumshika mkono yatamfaa kwa usingizi na kwa furaha, na hayo yatosha. Liko pia jambo jingine lililojaribiwa Hai: kuwakusanya wagonjwa wachache pamoja, vikao 14 katika wiki saba, wakizungumza, wakiimba, wakitaja vitu na habari za zamani. Baada ya vikao hivyo akili zao zilipimwa na kuonekana zimechangamka kidogo. Hayo hayahitaji dawa ya bei. Yahitaji mtu mwenye subira na jamvi la kukalia.

Wala si kila jasho ni la afya. Kubeba mzigo mzito mchana kutwa, tena kwa tumbo tupu, huvunja mgongo na magoti. Na kwetu sisi iko kazi moja ambayo hatutaki kuisikia kwa mzee hata kidogo, nayo ni kupanda mkarafuu. Tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, na kila msimu twasikia walioanguka. Tumeona kwamba kuumia kichwa kumo katika yale mambo 14. Mzee wa miaka 65 anayepanda juu ili aonyeshe kwamba angali kijana anaihatarisha ile akili tunayotaka kuilinda. Vijana wapande, yeye abaki chini, na chini kuna kazi tele.

Tuzitaje, kwani hapa ndipo somo linapogusa shamba. Wakati wa kuchuma, mzee aweza kuokota zilizoanguka, kuchambua karafuu na makonyo, kuzianika, kuzigeuza na kuzianua mvua itishapo. Kuchambua peke yake hakushughulishi moyo, maana mtu hukaa. Lakini hushughulisha vidole na macho, na tena hufanywa kwa kundi na mazungumzo, na upweke hauna nafasi penye makonyo. Kuanika na kuanua ni kazi ya kuinama na kuinuka, nayo yafaa sana. Hesabu ya pishi apewe yeye. Asinyang'anywe kwa sababu kijana ana simu yenye kikokotoo. Msimu ukiisha, kuna miche ya kumwagilia na kutilia kivuli, kuna magugu mepesi, kuna kuzunguka shamba asubuhi kutazama mti gani unakauka. Mzee aliyeishi na mikarafuu miaka 50 huona ugonjwa wa mti kabla ya bwana shamba.

Kiasi gani chatosha? Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima, na mzee pia, apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unahema kidogo na bado waweza kuzungumza. Ukizigawa kwa siku tano, ni nusu saa kwa siku. Kwa wazee limeongeza mazoezi ya kujisawazisha, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke: kusimama mguu mmoja huku umeshika nguzo, kuinuka kitini bila ya kutumia mikono. Anayekwenda msikitini kwa miguu mara tano kwa siku, na mwendo ukawa wa dakika tatu kwenda na tatu kurudi, amekwisha pata nusu saa yake, na rukuu na sijida ni nyongeza. Mwenye kupelekwa kwa pikipiki mlango hata mlango anakosa faida hiyo. Bao lisidharauliwe pia. Halipandishi jasho, lakini mzee anayehesabu kete za adui akilini hajalala, na wenzake wanaomzunguka ni dawa ya upweke. Tatizo ni pale bao linaposhika toka asubuhi mpaka alasiri. Afadhali mchezo uanze baada ya kutoka shamba.

Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kizunguzungu, na ambaye hajapima presha miaka mingi, aende kwanza kituo cha afya. Kadhalika mzee ambaye akili yake imebadilika kwa siku chache tu, si kwa miaka, apelekwe upesi. Huenda ikawa ni homa, malaria, sukari au dawa alizopewa, na hayo hutibika.

Limebaki jambo zito. Mzee anaposahau na kusema maneno yasiyo na mpango, na hasa anapokuwa mwanamke, wako wasemao karogwa, na wako wabaya zaidi wasemao yeye ndiye mrogaji. Katika mikoa ya kanda ya ziwa bibi wengi wameuawa kwa shutuma hizo, na wengine walishutumiwa kwa macho mekundu tu, ambayo yaliletwa na moshi wa jikoni wa miaka 60. Visiwani mambo hayafiki huko, lakini minong'ono ipo, na mganga wa pepo huitwa kabla ya mganga wa hospitali. Pesa huenda, miezi huenda, na presha haijapimwa. Mwanachama aliyeelewa somo hili ana kazi ya kuzungumza na jirani yake kabla minong'ono haijafika mbali.

Kwa ajili ya mazungumzo katika matawi, twaleta maswali machache, na mabwana na mabibi makatibu watusaidie kuyasoma kwenye mkutano. Katika kijiji chako, ni wazee wangapi wa miaka 70 na zaidi, na wangapi hutoka nje ya uwanja wa nyumba kila siku? Ni kazi zipi za msimu wa karafuu ambazo tawi laweza kuwawekea wazee, tena kwa malipo, si kwa kuwaonea huruma? Tangu mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar inawapa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi; je, siku ile wanapokusanyika kuipokea haiwezi kuwa siku ya kupimwa presha pia? Na nani katika tawi atakuwa tayari kutembea na mzee asiyeweza kutoka peke yake, mara tatu kwa wiki, nusu saa?